Kifaa Kipo, Nani Kafundishwa?

Mazungumzo yetu ya leo yanawahusu watu wasiotajwa sana pale elimu ya wanafunzi wenye ulemavu inapozungumzwa. Yupo mkutubi anayekaa kaunta. Yupo fundi wa TEHAMA mwenye funguo za chumba cha kompyuta. Yupo katibu muhtasi wa idara anayechapa na kudurufu vitini, na yule kijana anayelipwa posho ili amsomee mwenzake asiyeona. Mhadhiri huingia darasani kwa saa moja au mbili, kisha huondoka. Hawa ndio wanaobaki na mwanafunzi mchana kutwa, na vifaa vikishanunuliwa, huangukia mikononi mwao.

Hoja yangu naiweka mezani mapema. Chuo kinachonunua vifaa saidizi bila kumfundisha mtu wa kuvisimamia kimetumia fedha, na mwanafunzi bado hajasaidiwa.

Tutazame kwanza ukubwa wa jambo lenyewe. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba hapa Tanzania, katika watu wenye umri wa miaka 7 na kuendelea, asilimia 11.2 wana ulemavu wa aina fulani. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani, WHO, pamoja na UNICEF walitoa ripoti ya dunia kuhusu teknolojia saidizi. Walikadiria kwamba watu bilioni 2.5 wanahitaji angalau kifaa kimoja, kuanzia miwani na shimesikio hadi kiti mwendo na programu za kompyuta, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaokipata kifaa wanachokihitaji ni asilimia 3 tu. Takwimu hizi zikisomwa mkutanoni, mawazo ya wengi hukimbilia bei. Bei ni tatizo, sikatai. Lakini ripoti hiyo inawahesabu wafanyakazi waliofundishwa kuwa nguzo mojawapo ya huduma nzima, sawa na vifaa vyenyewe. Na WHO inaeleza kuwa kumpatia mtu kifaa kuna hatua nne: kuchagua kinachomfaa, kukirekebisha kimkae sawa, kumfundisha kukitumia, kisha kumfuatilia. Kwetu nguvu nyingi huishia kwenye ile ya kwanza, na mara nyingi hata hiyo hufanywa na mfadhili aliye mbali, ambaye hajawahi kuonana na mwanafunzi anayemchagulia.

Sasa tuingie ofisini tuone kazi inavyokwenda.

Chukua kitini cha kurasa 40. Mhadhiri amempa katibu muhtasi nakala ya karatasi, amemwambia aiweke kwenye kompyuta ili mwanafunzi asiyeona naye aipate. Katibu ni mtu mwema na mchapakazi. Anaweka kurasa kwenye skana moja baada ya nyingine, anahifadhi faili, anamtumia mwanafunzi kwa WhatsApp kabla ya saa sita mchana. Kwa macho yake kazi imekamilika, maana akifungua faili anayaona maandishi yote. Mwanafunzi akilifungua kwa programu inayosoma skrini kwa sauti, programu inamwambia kwamba hati haina kitu. Haikukosea. Kilichomo ni picha 40 za kurasa, na picha haina herufi hata moja ambayo programu inaweza kuitamka.

Katibu huyu hana kosa. Hakuna aliyemwambia kwamba baada ya kuskani inabidi faili lipitishwe kwenye programu ya kutambua maandishi, na kwamba ukurasa uliolala upande au nakala yenye madoa ya wino hutoa maneno yasiyosomeka. Hakuna aliyemwonyesha kwamba ukurasa wenye safu mbili unaweza kusomwa kwa kuvuka, mstari wa safu ya kushoto ukaungwa na wa kulia, sentensi zikavurugika. Au kwamba tanbihi ya chini ya ukurasa huweza kujipenyeza katikati ya aya. Lazima mtu akae, asome, asahihishe. Kazi hiyo ina muda wake, na muda huo lazima uhesabiwe kuwa sehemu ya ajira yake. Usichukuliwe kuwa hisani anayoifanya baada ya saa za kazi.

Kuna jambo jingine dogo ambalo lingefundishwa kwa dakika chache likabadilisha mwaka mzima wa masomo. Wengi wetu tukitaka kichwa cha habari kionekane, tunakikoleza wino na kukuza herufi. Kwa anayeona, inatosha. Programu inayosoma skrini haitambui kichwa cha habari kwa unene wa wino. Inakitambua iwapo mchapaji alitumia mtindo wa vichwa vya habari uliomo ndani ya programu ya kuandikia. Akiutumia, mwanafunzi anayetumia programu ya NVDA hubonyeza herufi H akiwa katika hali ya kuvinjari na kuruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine, kama unavyofunua kitabu na kutupia macho sura zake. Asipoutumia, mwanafunzi huyo analazimika kusikiliza kurasa zote 40 akitafuta aya moja ya mtihani. Ukimweleza katibu muhtasi hivi, ukamkalisha asikilize mwenyewe kwa vipokea sauti vya masikioni, hatarudia tena kuchapa kwa njia ya zamani. Nimeona watu wakibadilika palepale kwenye kiti.

Nimetaja NVDA, na huenda baadhi yenu mnaisikia leo kwa mara ya kwanza. Ni programu ya kusoma skrini inayopatikana bure kwa kompyuta za Windows. Ilianzishwa mwaka 2006 na kijana wa Australia, Michael Curran, akaungwa mkono na mwenzake James Teh. Wote wawili hawaoni. Programu kubwa za kibiashara za wakati ule zilikuwa ghali kiasi cha kuweza kuipita bei ya kompyuta yenyewe. NVDA huja na sauti za lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Hapo tena pana somo kwa fundi wa TEHAMA. Mwanafunzi wa chuo kikuu hapa kwetu husoma vitabu vya Kiingereza, huku matangazo, barua na majina ya watu yakiwa ya Kiswahili. Sauti ikiachwa kwenye Kiingereza, tangazo la ratiba ya mitihani linatamkwa kwa namna ambayo hata mwenye lugha yake haambulii kitu. Mwanafunzi anadhani kompyuta ni mbovu, fundi naye anaiwasha upya mara tatu. Dawa ni kujua mahali pa kubadilishia sauti, na kumfundisha mwanafunzi aibadilishe mwenyewe.

Na hapo kwenye neno mwenyewe ndipo penye kiini cha mafunzo yote haya.

Wasaidizi wengi wana huruma, na huruma yao hutangulia mikono. Mwanafunzi asiyeona amekaa mbele ya kompyuta anatafuta folda yake. Anabonyeza, anasikiliza, anarudi nyuma, anabonyeza tena. Aliyesimama nyuma yake anaiona folda pale kwenye skrini, pembeni kushoto. Uvumilivu unamwisha, ananyoosha mkono juu ya bega la mwanafunzi, anashika kipanya, anabofya mara mbili: haya, hiyo hapo. Ametumia sekunde mbili. Lakini mwanafunzi hakujifunza njia ya kufika hapo, na kesho ataita tena. Baada ya muhula mmoja hawezi kufungua chochote bila mtu, na watu watasema kompyuta hizi haziwafai wasioona.

Kwa hiyo mafunzo yanayostahili jina hilo huanza na nidhamu ya mikono. Msaidizi anaambiwa akae upande, mikono mapajani, kipanya kiwekwe mbali, na azungumze kwa vitufe: bonyeza Insert pamoja na mshale wa chini, isome yote, ukichoka kuisikiliza, Control inainyamazisha. Asiseme bofya pale, wala hicho cha bluu. Kisha zamu yake inafika. Skrini inazimwa kabisa, anavaa vipokea sauti, anatakiwa afungue barua, asahihishe neno moja, ahifadhi, afunge. Dakika tano za kwanza ni za jasho. Sauti inakwenda haraka, hajui yuko wapi, anataka kuwasha skrini. Akishavuka hapo anaelewa kwa nini mwanafunzi huhitaji kimya, kwa nini hapendi kusemeshwa wakati kompyuta inazungumza, na kwa nini mzoefu huongeza kasi ya sauti mpaka sisi wengine tukadhani mashine imeharibika.

Mwalimu wa mafunzo haya anapaswa kuwa nani? Mimi naamini awe mtu anayekitumia kifaa hicho kila siku katika maisha yake. Asiyeona awafundishe wasaidizi wa wasioona. Kiziwi awafundishe watu wa mapokezi na maktaba Lugha ya Alama ya Tanzania. Muuza vifaa anaijua orodha ya vitufe, lakini hajui inakuwaje ukiwa na saa mbili za kumaliza insha na umeme umekatika. Na vyuo vyetu vina wahitimu wenye ulemavu wanaotafuta kazi. Hao waitwe, walipwe kama wataalamu wengine wanavyolipwa.

Msikilizaji, nisije nikaonekana nazungumza juu ya kompyuta peke yake. Twende kwa wanafunzi wenye ualbino. Wengi wao wana uoni hafifu, yaani wanaona, ila kwa karibu na kwa shida, na mwanga mkali huwaumiza. Hapa nchini wapo waliopelekwa shule za wasioona wakafundishwa nukta nundu, ilhali macho yao yangeweza kusoma chapa kubwa. Leo wamefika vyuoni, na msaidizi asiyefundishwa huwapokea kwa mojawapo ya namna mbili. Ama anawahesabu kuwa hawaoni kabisa, ama anashangaa kwa sauti mbele za watu: mbona huyu anaona? Aliyefundishwa atamuuliza mwanafunzi mwenyewe anasoma herufi za ukubwa gani. Atajua kwamba kukuza karatasi kwenye mashine ya kudurufu kunazaa likaratasi lisilokaa mezani, na kwamba ni afadhali kukuza herufi ndani ya faili kabla ya kuchapa. Atamkalisha mahali ambapo dirisha halimpigi usoni. Atajua kile kidarubini kidogo cha jicho moja, ambacho humwezesha mtu kusoma ubao akiwa kwenye kiti chake, na atajua kwamba kukitumia kunahitaji mazoezi: kuulenga ubao, kuzungusha mpaka maandishi yatulie, kuhama kutoka ubaoni hadi daftarini bila kupoteza mstari. Wapo wanaokiacha kidarubini mkobani kwa sababu hakuna aliyewaonyesha, au kwa sababu wenzao waliwacheka siku ya kwanza na hakuna mkubwa aliyesema neno.

Shimesikio nalo lina mambo yake, ingawa leo sitakaa hapo sana. Likipiga mluzi, mara nyingi sababu ni ule mpira wa sikioni kutokukaa vizuri. Betri zake ndogo zikibanduliwa kijikaratasi huanza kuisha hata kama hazitumiki. Na la kushika zaidi: kulivaa hakumfanyi mtu asikie kila kitu ndani ya ukumbi wenye mwangwi. Mkalimani wa lugha ya alama asiondolewe kwa sababu mwanafunzi kapata shimesikio.

Ninapenda zaidi nizungumzie mashine ya Perkins, kwa sababu inaonyesha jambo hili bila haja ya intaneti wala programu. Ni mashine ya kuandikia nukta nundu iliyoanza kutengenezwa mwaka 1951 katika shule ya wasioona ya Perkins, jimbo la Massachusetts, Marekani, kwa ubunifu wa fundi aliyeitwa David Abraham. Ni ya chuma, ina uzito unaokaribia kilo 5, ina vitufe sita vya nukta na vingine vichache vya nafasi na mistari. Haihitaji umeme. Ikitunzwa inadumu kwa miongo. Lakini vumbi likiingia likachanganyika na mafuta yaliyoganda, vitufe hung'ang'ania, nukta moja hukataa kutokea, na herufi moja hugeuka nyingine. Mashine inawekwa juu ya kabati kuwa ni mbovu, wakati inachohitaji ni kufunguliwa, kusafishwa na kurekebishwa na mtu anayeijua. Kuna taasisi iliyoliona hili ikalifanyia kazi, nayo ni Kilimanjaro Blind Trust yenye makao Nairobi. Imefanya kazi ya kukarabati mashine za Perkins zilizoharibika mashuleni, na baadaye ikaingia kwenye vifaa vidogo vya kidijiti vya kusomea nukta nundu, pamoja na kufundisha walimu kuvitumia. Hukohuko Kenya, shirika la inABLE, lililoanzishwa na Irene Mbari-Kirika mwaka 2009, lilianza kuweka vyumba vya kompyuta katika Shule ya Wasioona ya Thika, likiambatanisha vifaa na wakufunzi wa kukaa na wanafunzi.

Sasa unganisha hilo na mtihani wa taifa. Baraza letu la Mitihani huwaongezea watahiniwa wasioona muda: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Ni utaratibu wa haki. Lakini kitufe cha Perkins kikikwama katikati ya karatasi ya Hisabati, na ndani ya chumba hakuna anayejua hata namna ya kuitoa karatasi bila kuichana, dakika zile zote za nyongeza zinaliwa na mashine.

Ninalotaka kulisema kwa uzito uleule ni suala la siri. Yule kijana anayemsomea mwenzake husoma kila kitu: matokeo ya mtihani, barua ya Bodi ya Mikopo, ujumbe wa mama kutoka nyumbani, karatasi ya hospitali. Wapo wasaidizi wanaozijua namba za siri za wenzao za kutolea fedha kwenye simu, kwa sababu hakukuwa na njia nyingine. Njia ipo. Simu nyingi za Android zina TalkBack, inayotamka kila kinachoguswa: kidole kimoja kinatafuta, kugonga mara mbili kunafungua. Mwanafunzi aliyefundishwa TalkBack hutuma fedha yake mwenyewe, akiwa na kipokea sauti sikioni, na hakuna anayejua salio lake. Msaidizi naye afundishwe mipaka. Unachokisoma kwa ajili ya mtu ni mali ya mtu huyo. Hakisimuliwi bwenini. Jambo hili liandikwe kwenye mkataba wake, na awe na mahali pa kwenda anapobanwa na kazi isiyo yake.

Je, sheria inasemaje? Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Kenya iliuridhia mkataba huo mwaka 2008. Ibara ya 4 inazitaka nchi kukuza mafunzo ya wataalamu na wafanyakazi wanaohudumia watu wenye ulemavu, na ibara ya 24 inazungumzia kuwafundisha wanaofanya kazi katika ngazi zote za elimu. Ngazi zote, maana yake na kaunta ya maktaba imo. Upo pia Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao shabaha yake ni kuruhusu vitabu kugeuzwa katika muundo unaosomeka na wasioona bila kukwamishwa na hakimiliki. Kenya ilijiunga nao mwaka 2017, Tanzania mwaka 2020. Wakutubi wengi hawajaelezwa habari hizi, na ndiyo maana akiombwa kugeuza kitabu, mkutubi husita akihofia kushtakiwa.

Tuna mahali pa kuanzia. Chuo cha Patandi kule Arusha kimewalea walimu wa elimu maalumu kwa miaka mingi. Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE, ipo tangu 1986. Vyuo hivi vilikusudiwa hasa kwa walimu. Mimi naomba mkutubi, katibu muhtasi na fundi wa TEHAMA nao wafunguliwe mlango kwa kozi fupi: wiki moja ya vitendo, kisha warudi kazini, na baada ya miezi mitatu mkufunzi awafuate hukohuko waliko aone wamekwama wapi. Huko kukwama ndiko kwenye faida, kwa sababu maswali ya kweli hayaji darasani. Huja siku ambayo Windows imejisasisha usiku na asubuhi sauti haitoki.

Tena wasifundishwe mmoja mmoja. Katika utumishi wetu uhamisho ni jambo la kawaida. Chuo kinamfundisha fundi, fundi anahamishiwa mkoa mwingine, na ujuzi wote unaondoka naye ndani ya basi. Wafundishwe watatu au wanne kutoka idara tofauti, na kila wanachokijua wakiandike kwa Kiswahili chepesi, kibandikwe ukutani na kiwekwe pia kwenye faili ambalo asiyeona atalisoma. Na kazi hiyo iingizwe katika maelezo ya ajira zao. Ikibaki kuwa hiari ya mtu mwema, siku mtu mwema akiugua, mwanafunzi hana kitini.

Viongozi wa vyuo mnaonisikiliza, mwaka wa fedha unaanza Julai, na makadirio huandikwa miezi kabla yake. Mkifika kwenye kifungu cha ununuzi wa vifaa saidizi, ongezeni chini yake mstari wa mafunzo, mstari wa matengenezo, na mstari wa posho ya mkufunzi mwenye ulemavu. Fedha zikiwa haziyatoshi yote, punguzeni idadi ya kompyuta. Kompyuta nne zenye mtu aliyefundishwa zitawahudumia wanafunzi wengi kuliko kumi zilizofungiwa. Na wewe unayefanya kazi chuoni, huna haja ya kusubiri bajeti: NVDA ni ya bure, na WHO ina mafunzo ya bure mtandaoni kuhusu vifaa saidizi. Kesho fungua faili la mwisho ulilowatumia wanafunzi, zima skrini, ulisikilize lote.